Mjomba na Ngome Iliyokaa Kulia

Mjomba wangu ni mtu wa magari. Anaagiza mtumba kutoka Japani tangu mimi nikivaa kaptula za shule, na kwa sababu hiyo anajihesabu mwenyeji wa nchi hii, ingawa Kijapani hana hata cha kuombea maji. Mtajie namba ya chesisi, atakwambia gari ni la mwaka gani, lina injini gani, na bandarini Dar watakukamua kiasi gani. Mambo ya treni, hapo ndipo balaa.

Safari hiyo alikuja Kobe kwa shughuli za mnada. Jioni simu ikaita: "Mjomba, siwezi kufika huku nikarudi bila kukuona. Mama yako atanila nyama. Kesho nakuja."

Mimi niko Matsuyama, makao makuu ya mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku. Nimekuja kusomea kilimo cha michungwa. Sisi wa Muheza tunajiona ndio wenye machungwa duniani, mpaka ufike Ehime ukute mkulima ameyavika matunda yake mifuko, moja moja, yakiwa bado mtini. Basi. Shikoku ndicho kisiwa pekee kati ya vile vinne vikubwa vya Japani ambacho Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, haijakifikia. Ukitoka Kobe unapanda Shinkansen mpaka Okayama, unashuka, unapanda treni iitwayo Shiokaze, unavuka daraja la Seto, halafu unatambaa na pwani mpaka mwisho. Nikamwandikia yote hayo, na mwishoni nikaweka: "Shuka Matsuyama. Usitoke stesheni. Nitakuwa getini." Akanijibu kwa dole gumba.

Kesho yake nikafika getini dakika kumi kabla ya treni. Treni ikaja, watu wakashuka: wanafunzi, wafanyabiashara wenye suti, bibi mmoja na mjukuu wake. Mjomba hayumo. Ni mtu mwenye kitambi na kofia ya kiua, huwezi kumkosa. Nikapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Umefika wapi?"

"Marahaba. Mimi nimefika zamani. Okayama nilikuta treni ya mapema, nikaidandia. Niko stesheni nakusubiri wewe."

"Stesheni ipi?"

"Ya hapa Matsuyama. Kwani wewe uko wapi?"

"Niko stesheni ya Matsuyama, mbele ya geti."

"Haiwezekani. Aliyeko stesheni ya Matsuyama ni mimi, na sikuoni." Akanyamaza kidogo. "Mjomba, hapa mmoja wetu anasema uongo, na mimi umri huo nimeshaupita."

Nikamuuliza anaona nini mbele yake. Akasema anaona gurudumu kubwa juu ya paa la duka, lina vibanda, na ndani ya vibanda kuna watu wanazungushwa hewani mchana kweupe. Nikaelewa.

Matsuyama ina stesheni kuu mbili, nazo hazikai pamoja. Moja ni ya JR (Japan Railways), upande wa magharibi, ndiyo inayopokea treni za kutoka mbali. Nyingine ni Matsuyama-shi, ya kampuni ya Iyotetsu, ambayo wenyeji wanaiita Shieki, na hiyo ndiyo yenye mji: duka la ghorofa liko juu yake, vichochoro vya biashara pembeni, na juu kabisa lile gurudumu, Kururin, linalokufikisha mita 85 kutoka ardhini. Shieki ndiyo iliyotangulia. Ilifunguliwa mwaka 1888 pamoja na reli ya kwanza ya Shikoku nzima, na jina lake lilikuwa Matsuyama tu. Mwaka 1927 reli ya serikali, mzazi wa JR ya leo, ikafika, ikajenga stesheni yake kule pembeni na kulichukua jina. Ile ya zamani ikaongezewa mkia. Tangu hapo wageni wanapotea, na mjomba hakutaka kuvunja mila.

Alivyofika Shieki nilikuja kujua baadaye. Alishuka vizuri kabisa pale JR, akatoka nje, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaona teksi zimepanga foleni, hoteli moja mbili, ukimya. Akaamua kwamba mji wa watu takriban laki tano hauwezi kuwa na stesheni iliyopoa namna hiyo, kwa hiyo stesheni kuu iko kwingine. Hapo hapo, mlangoni mwa stesheni, akamkamata kijana mmoja na kumuuliza, "Stesheni?" Kijana, kwa adabu zao, hakuthubutu kumwambia mtu mzima kwamba amesimama juu ya kile anachokitafuta. Akafikiri, bila shaka mzee huyu anataka ile nyingine. Akamshika mkono mpaka kwenye kituo cha tramu na kumpandisha.

"Usisogee, nakuja," nikamwambia. Naye katika pumzi hiyo hiyo akasema, "Usisogee, nakuja." Tukakata simu kwa pamoja, kila mmoja ameridhika kwamba mwenzake ameelewa.

Kati ya stesheni hizi mbili, karibu na Otemachi, kuna kitu ambacho wapenzi wa reli wanatoka miji ya mbali kuja kukipiga picha. Reli ya tramu na reli ya treni ya viungani zinakatana mraba, kwa usawa mmoja, katikati ya barabara. Hakuna ya kupita juu wala ya kupita chini. Treni ikija, kengele zinalia, miti ya kizuizi inashuka, na si magari tu yanayosimama: tramu nazo zinasimama na kusubiri zamu yao. Yote ni ya Iyotetsu, tramu na treni, na yamepakwa rangi ya chungwa kuanzia paa mpaka magurudumuni. Mkoa wa machungwa ungechagua rangi gani nyingine?

Tramu yangu ikafika pale, kengele zikaanza. Tukasimama. Ng'ambo ya pili ya reli tramu nyingine imesimama, inatutazama. Treni ikapita katikati yetu bila haraka, behewa baada ya behewa. Miti ikanyanyuka. Tramu zote mbili zikaondoka kwa wakati mmoja, zikaanza kuikanyaga ile njia panda ya vyuma, taka-taka, taka-taka, na dirisha la kwanza likapishana na langu, la pili, la tatu, na la nne lilikuwa na mjomba.

Alikaa wima, mikono yote imeshika begi la shangazi kaja lililowekwa mapajani, lile la mistari ya bluu na nyekundu, limejaa hadi zipu inalalamika. Tukatazamana umbali wa mkono. Mimi, malezi ya mama hayo, nikajikuta nasema "shikamoo" kupitia vioo viwili. Nikaona midomo yake ikijibu "marahaba". Kisha akanipungia taratibu, kiganja kikizunguka, mambo ya viongozi kwenye msafara, akaenda zake.

Simu. "Mjomba! Mbona umepita?"

"Nakuja ulipo."

"Mimi nilikuwa nakuja ulipo wewe!"

"Sasa huko nilipo mimi sipo tena," akasema, na hapo siwezi kumbishia.

Nikamwambia ashuke kituo kinachofuata, ndiyo JR, asimame pale pale. Jambo dogo. Lakini tramu za hapa unapanda mlango wa nyuma, unashukia mbele, na nauli unalipa wakati wa kushuka, kwenye kisanduku karibu na dereva. Kisanduku kinavunja noti ya yeni 1,000 na si zaidi. Kule Shieki alipita kwa sarafu alizorudishiwa dukani Okayama. Sasa mfukoni amebakiwa na hela za mnada: noti za elfu kumi kumi, zimefungwa na raba. Akafika mbele, akatoa moja. Dereva akatikisa kichwa, akaonyesha kisanduku. Mjomba akadhani dereva anataka zaidi, akatoa ya pili. Nyuma yake foleni imejaa, hakuna anayelalamika, na ukimya wa namna hiyo ukamtisha kuliko matusi ya konda wa Gongo la Mboto.

"Sikutaka kumdhulumu mtu nauli," alinieleza baadaye. "Nikarudi kukaa. Nikasema nitashuka chenji ikipatikana."

Tramu ikaondoka naye.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu tramu namba 1, hiyo aliyopanda mjomba. Njia hiyo haina mwisho. Inatoka Shieki, inapita JR, inapanda kaskazini, inazunguka kilima chote cha ngome na kurudi ilipoanzia. Mji umejengwa kuuzunguka mlima Katsuyama, mita 132, na juu yake ndiyo ngome ya Matsuyama, iliyoanza kujengwa mwaka 1602 na bwana aitwaye Kato Yoshiaki. Ni moja kati ya ngome 12 tu za Japani ambazo bado zina mnara mkuu wa zamani, usiojengwa upya katika zama hizi. Ni nzuri sana. Ila kwa kumwelekeza mtu njia haifai kitu, kwa sababu inaonekana kila mahali.

"Mjomba, unaona nini sasa?"

"Ngome. Iko kulia."

Nikasubiri kidogo. "Na sasa?"

"Ngome. Bado iko kulia."

"Nyingine?"

"Kiberenge kimeacha barabara, tunapita uani kwa watu. Hapa nimeona chupi za mtu zimeanikwa, ningenyoosha mkono ningezianua." Maana yake wameshakivuka kituo cha Komachi na kuingia kile kipande cha reli moja kilichobanwa kati ya nyumba. "Mjomba, huu mji umejaa ngome. Hii ni ya nne."

"Ni ile ile!"

"Usinifundishe kuona. Hii ina miti zaidi."

Mimi nikiwa Shieki, chini ya lile gurudumu, nikawa napiga hesabu: abaki humo humo, atajileta mwenyewe mpaka hapa, nimpokee kwa mlango wa mbele na sarafu mkononi. Mpango mzuri. Simu ikaita.

"Mjomba, nimempata mwanamke."

"Astaghfirullah, mjomba."

"Mtu mzima! Bibi wa watu, ana kikapu na taulo. Amenivunjia elfu kumi, noti zote kanihesabia mbele ya macho yangu, na hakukata hata senti. Huyu simwachi. Ameshuka, nami nimeshuka. Amepanda kiberenge kingine, nami nimepanda. Ngome sasa iko nyuma."

Ngome iko nyuma. Kwa mara ya kwanza nilipata taarifa yenye maana. Nikauliza wanaelekea wapi, akasema hajui, bibi ndiye anayejua. Halafu, baada ya muda, akapiga tena, anahema.

"Subiri kidogo. Hapa kuna watu treni yao imezima. Kichwa cha treni kizima, wanakisukuma kwa mikono. Wamevaa sare nzuri lakini wako wachache. Ngoja niwasaidie." Akakata.

Nikavuka kituo nikadandia tramu namba 3. Nilijua alipo bila hata kuuliza. Kuna treni ndogo ya watalii inaitwa Botchan, inapita kwenye reli hizi hizi za tramu, imeigizwa kutokana na vichwa vya moshi vya mwaka 1888 vilivyonunuliwa Ujerumani. Hii ya sasa, tangu 2001, inakula dizeli na moshi wake ni wa maonyesho. Kwa kuwa kichwa ni cha kwenda mbele, na mwisho wa reli hakuna pa kugeuzia, ndani yake wameweka jeki. Wanakifungua kichwa, jeki inakinyanyua, na wafanyakazi waliovaa sare za kizamani wanakizungusha kwa mikono mpaka kitazame kilikotoka. Watalii wanasimama kupiga picha na kushangilia. Mmoja tu aliweka begi chini, akakunja mikono ya shati na kuingia kazini.

Kuna picha. Alimpa mtalii mmoja simu yake ampige. Kwa maelezo ya mjomba, bila yeye kichwa kile kingelala pale. Kwenye picha, wafanyakazi wawili wanasukuma huku wanacheka, na mjomba amekilaza kiganja kwenye bomba la moshi, macho kwa kamera, dole gumba juu.

Dogo Onsen, mtaa wa bafu za maji ya moto, ndiyo mwisho wa reli upande wa mashariki. Stesheni yenyewe ni jengo la ghorofa moja juu, la mtindo wa zamani wa kizungu, na mbele yake kuna uwanja wenye mnara wa saa na, pembeni, bwawa la kulowekea miguu lenye maji ya moto ya chemchemi, bure kwa kila apitaye. Nikamkuta humo. Suruali kaikunja hadi magotini, viatu kavipanga pembeni na soksi zimo ndani, shangazi kaja iko ubavuni. Kulia kwake yule bibi wa chenji, kushoto bibi mwingine, na katikati mfuko wa korosho umefunguliwa, wote watatu wanatafuna. Korosho zangu hizo. Zimetoka Mtwara, zimepita Dar, zimepita Kobe, zimeishia hapo.

"Umechelewa," akaniambia.

Nikavua viatu nami nikaketi. Kabla sijasema neno, saa ikagonga. Ule mnara wa saa, waliousimamisha mwaka 1994 jengo la bafu kuu la Dogo lilipotimiza miaka 100, una siri yake: kila saa unalia muziki na kurefuka. Kweli kabisa. Paa linapanda, ghorofa iliyojificha inatokea chini yake, milango inafunguka, vikaragosi vinatoka na kuanza kucheza. Mjomba aliona jengo linakua. Akashika kofia, akasimama katikati ya maji, akaita, "Tetemeko! Tokeni!" kwa Kiswahili, na kumnyanyua bibi wa chenji kwa kwapa. Bibi akadhani anaombwa wacheze. Akaanza kupiga makofi. Watu wa uwanjani wakaanza kupiga makofi. Mjomba akatazama juu, akaona vikaragosi vinainama, akaelewa, na kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kutoka pale na heshima yake, akacheza. Muziki ulipokwisha mnara ukarudi chini na yeye akarudi kukaa, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Nilijua," akasema.

Sasa ukishalowa Dogo, dawa yake iko hatua chache mbele, mwisho wa kichochoro cha maduka: bafu lenyewe, jengo la mbao la ghorofa tatu la mwaka 1894, ambalo lilifanyiwa ukarabati tangu 2019 na kufunguliwa lote mwaka 2024. Nikamweleza utaratibu. Unavua nguo zote, unajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo unaingia kwenye bwawa pamoja na wengine.

"Zote?"

"Zote."

"Na wewe utakuwemo?"

"Nitakuwemo."

Akanitazama muda mrefu. "Mjomba, mimi na wewe tuvuliane nguo, halafu nitamtazamaje mama yako?"

Hilo kwa kweli hata mimi nilikuwa silipendi. Wajapani bila kujua walishatupatia suluhu: ndani ya jengo lile kuna bafu mbili tofauti, Kami-no-yu ya watu wote na Tama-no-yu ndogo ya bei ya juu kidogo. Nikamkatia mjomba ya kwanza, nikajikatia ya pili. Mjomba akagundua. Akasema mkubwa ndiye anayepaswa kukaa penye bei. Nikamwambia kule kuna nafasi zaidi, na hilo si uongo.

Mkoa huu unajulikana kwa taulo, mji wa jirani wa Imabari unazisuka na kuziuza dunia nzima, lakini kitaulo unachoingia nacho majini hakimfuniki mtu wa umbo la mjomba hata goti. Alivyojisitiri sijui na sikuuliza. Najua tu kilichotokea kwa sababu alitoka akiwa amenuna.

"Bwawa zuri," akasema. "Kina kizuri. Nikapiga mbizi kidogo tu, nikaogelea mpaka ukutani. Mzee mmoja akaja kuninyooshea kidole kwenye kibao. Kibao kimeandikwa nini?"

Nikamwambia: marufuku kuogelea. Kipo kweli, cha mbao, na kipo kwa sababu mjomba si wa kwanza.

"Mtoto wa Tanga unamweka majini unamkataza kuogelea," akasema, na wakati huo ngoma ikapigwa. Juu ya paa la bafu kuna kijumba chenye vioo vyekundu, na humo ngoma inapigwa asubuhi saa kumi na mbili, mchana saa sita na jioni saa kumi na mbili. Mjomba akasimama barabarani, akaangalia anga, akaangalia saa yake. "Hawa nao wanafungulia?"

Usiku tukala wali uliopikwa na samaki ambaye Wajapani wanamwita tai, chakula cha huku, na mjomba akasema ni pilau iliyokosa mtu wa kuisaidia. Nikamsimulia habari ya stesheni mbili, na jinsi ile ya zamani ilivyopokonywa jina. Likamgusa. "Kwa hiyo Shieki ndiye bi mkubwa," akasema. "Kajenga nyumba, kazaa mji, halafu kaletwa bi mdogo, na jina la mume kapewa yeye." Halafu akaapa kwamba jambo hilo haliwezi kutokea kwetu. Nikamuuliza: mgeni akikwambia yuko stesheni Dar, unamfuata Tazara, reli ya kati au SGR? Akaomba chumvi.

Kitu kimoja nilimkanya usiku ule, kwa sababu nilikuwa nimewaza abiria wenzake wa tramu walivyovumilia: huku, ndani ya treni watu hawaongei na simu. Ukipigiwa, usipokee. Akasema amesikia. Ndiyo agizo pekee la kwangu alilowahi kulifuata, na alilifuata siku mbaya.

Asubuhi tukaenda JR, safari hii pamoja, nimemshika mkono. Stesheni ni mpya, reli zimenyanyuliwa juu ya nguzo tangu 2024. Treni ya kurudi ni mbili zilizoungwa: mabehewa namba 1 mpaka 5 ni Shiokaze, yanakwenda Okayama, na yenye namba za juu ni Ishizuchi, yanakwenda Takamatsu, mji mwingine kabisa wa kisiwa hiki hiki. Zinakimbia pamoja karibu saa mbili, na zikifika Utazu, penye mdomo wa daraja, zinaachana. Nikamweleza. Nikampakilia shangazi kaja behewa namba 4, juu ya kiti chake, nikashuka. Yeye hakuwepo. Alikuwa mbali kwenye jukwaa, anapambana na mashine ya kuuza vinywaji, anataka juisi ya machungwa ya Ehime aje kuwaonyesha watu wa Muheza. Sarafu ya mwisho ikaingia, chupa ikaanguka, kengele ya treni ikalia. Mjomba akakimbia na kujitosa mlango wa karibu. Mlango ukafunga.

Namba 7.

Nikapiga simu, hakupokea. Nikapiga tena. Nikaandika: "HAMIA BEHEWA LA 4." Dirishani nilimwona akiitazama simu inavyotetemeka, akaniwekea kidole mdomoni kunikumbusha adabu, akaizima. Alichokuwa anafikiri alinieleza baadaye, na kwa mtu wa daladala hakina kasoro: gari ni moja, wa mbele na wa nyuma wanafika pamoja.

Mchana nikapokea picha. Ni jengo la vioo, refu, na juu ya vioo hivyo kuna sura: macho mawili ya mviringo na mdomo mpana, linatabasamu. Hiyo ni stesheni ya Takamatsu, iko hivyo kweli. Chini yake mjomba ameandika: "Nimefika Okayama salama. Stesheni imenifurahia, ila begi silioni."

Begi lilikuwa limevuka bahari bila yeye, zaidi ya kilomita 9 za daraja lenye magari juu na treni chini, kitu ambacho alikuwa amekingoja kwa hamu tangu Kobe. Nikamwelekeza apande Marine Liner, treni ya kutoka Takamatsu moja kwa moja hadi Okayama, mwendo wa kama saa moja. Akala tambi za udon kwanza, zile nene ambazo mji ule unajivunia, kisha akapanda. Okayama akamkuta mtu wa ofisi ya vitu vilivyosahauliwa amesimama na shangazi kaja kwa mikono miwili. Hakuna kilichopungua. Akanirushia sauti akiwa na furaha tele, daraja ameliona, ameona hadi Noah mbili zinapandishwa meli bandarini chini kule, hali nzuri, za kuuzika.

"Sasa nikifika Kobe nishuke wapi?" akamalizia.

Nikafungua ramani. Iko Kobe. Iko Shin-Kobe. Iko Sannomiya, na hiyo Sannomiya nayo wamejazana kampuni kadhaa, kila moja na geti lake. Nikamuuliza hoteli yake iko sehemu gani.

"Mbona rahisi," akasema. "Iko karibu na stesheni."